Ndani ya Mkono wa Joho

"Watu wa Dartsedo hawasemi sana,"
ndivyo alivyoandika Bwana Tjelde,
nami nimesimama ubavuni pake, miye mkalimani,
Fu Tingzhang, rupia nne kwa mwezi na viatu juu yake.
Sikumsahihisha.

Kule msemaji ni mto.
Unaporomoka katikati ya mji usiku na mchana
hata bakuli hugongana kabatini,
na mtu akitaka kumwita mkewe ng'ambo ya pili
humrushia kokoto.

Kabla yake alipita Bi Ashcombe.
Yeye aliandika harufu tu:
siagi iliyochacha, manyoya mabichi, moshi wa samadi ya yaki.
Pua yake haikukosea. Lakini ni pua.

Tjelde alikuwa na macho.
Siku ya pili akawaona sokoni
mwuza chai wa Yazhou na Mkhampa mwenye jambia la fedha
wamesimama uso kwa uso, kimya,
mkono wa huyu umezama katika mkono wa joho la yule.
"Wanafanya nini?"
"Wanasalimiana, bwana."

Kumbe vidole vilikuwa vikigombana gizani.
Kimoja kinakamatwa, viwili vinabanwa, kinaachiwa:
robota ishirini, punguza,
siwezi, nina watoto,
hata mimi ninao, basi ya mwisho hiyo.
Akaandika: *mapenzi makubwa baina ya mataifa.*
Ukurasa wa sitini na moja.

Usiniulize kwa nini nilidanganya.
Bei ya mtu ni kama utupu wake;
huwezi kumfunulia mgeni
kwa sababu tu ana kalamu.

Wachukuzi aliwahesabu, hilo alilifanya vizuri.
Mia mbili na kumi na sita asubuhi moja,
chai imepanda mgongoni hadi juu ya kichwa.
Hawakai chini, maana akikaa nani atamwinua?
Huegemeza mzigo juu ya gongo lenye ncha ya chuma,
wakatoa pumzi kwa mluzi mwembamba,
na mawe ya njia ile yametoboka
kwa vizazi vya kupumzika wima.
Tjelde akatia kidole tunduni, akapima.
Inchi mbili na nusu.
Luo Changgui akaniomba nimwulize
kama ana dawa ya goti.
Nikamwuliza.
Akampiga picha.
Goti lenyewe halikutokea.

Tulilala kwa Wangdzom, mwenye nyumba ya wageni,
dalali asiyejua kusoma wala kusahau.
Uani kwake washonaji walifunga chai katika ngozi mbichi,
manyoya ndani, sindano ndefu kama shibiri,
ngozi ikikauka inajikaza yenyewe
mpaka ukiigonga inalia kama ngoma.
Akaniuliza: "Anaandika nini kila usiku, mafuta ya taa yangu yanaisha?"
"Anatuandika sisi."
"Basi mwambie chumvi imepanda."
Nikamwambia.
Akachovya kalamu, akatazama dirishani,
akaandika theluji.

Mwaka wa tatu kitabu kikaja kwa posta,
kona zimelowa, kamba imekatwa na kufungwa upya.
Wangdzom akavuta kigoda.
"Nisomee tulivyo."

Nikafungua sitini na moja.
Nikakohoa.
Nikasoma: "Mwaka ule chumvi ilipanda Dartsedo,
na goti la Luo Changgui lilivimba kama tikiti,
na mwenye nyumba alinidai mafuta ya taa, kwa haki."

Mto ukapiga kelele zake.
Wangdzom akakitazama kitabu, akanitazama mimi,
akaingiza mkono katika mkono wa joho langu,
akashika vidole vitatu,
akaachia kimoja.

Alikuwa anapunguza.